Neno Nililowapa Watu wa Dzirabo

Mama Ngave amefariki. Habari niliipata kwa mwanamke anayeniletea makala ya kupikia, ambaye aliitaja katikati ya malalamiko yake juu ya matope ya barabara: "Na ule mama wa makayabu wa Mbunya, banamuzika leo." Nikaacha gunia mlangoni, nikavaa kikwembe cheusi, nikaenda. Uani kwake palikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, sufuria kubwa juu ya mafiga, na wanawake wa kanisa wakiimba kwa sauti zilizochoka. Mwanawe Pasikali, ambaye siku hizi naye ni baba wa watoto, alinitazama kwa muda, kisha akawaambia waliokaa karibu naye, bila ukali wowote: "Huyu njo ule mama alikuwaka anatafsiri." Mtu mmoja akaniletea kiti. Nilikaa pale matangani saa tatu nzima, na kiti cha kulia kwangu na cha kushoto vilibaki vitupu mpaka nilipoondoka, ingawa kulikuwa na watu waliosimama.

Kwa zaidi ya miaka ishirini mimi na marehemu tulikuwa watu wa mji mmoja. Nilimkuta sokoni karibu kila juma, nyuma ya meza yake ya samaki wa chumvi, akanisalimia "Jambo, madame", kama anavyomsalimia yeyote mwenye kikapu. Hakunipunja hata siku moja, wala hakuniongezea matabishi, samaki mmoja wa juu ya bei. Watu wanadhani uchungu ni kutukanwa. Mimi ningelipa kwa furaha ili anitukane, mbele ya soko zima, kwa sauti yake ile iliyoweza kusimamisha lori. Sasa amezikwa, na hakuna tena atakayenidai maelezo, kwa hiyo nayaandika bila kudaiwa. Sitaeleza nilizaliwa na nani wala nililelewaje kule Mahagi. Hayo hayana kazi hapa, ila kwa jambo moja: kwa kuwa nilitoka Mahagi sikuhesabiwa upande huu wala ule katika vita vya watu wa milimani, na nilikuwa nimesoma Kifaransa kwa masista. Wageni walipokuja Bunia kutafuta mkalimani asiye na upande, walinipata mimi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.

Wageni hao walikuwa wa aina mbili, na nchi yao sitaitaja. Kulikuwa na kikosi cha wanajeshi na kulikuwa na watu wa ubalozi, na wote waliwekwa katika nyumba moja, nyumba ya mfanyabiashara wa dhahabu aliyekuwa amekimbilia ng'ambo ya ziwa. Sebule yake kubwa iligawanywa kwa ukuta wa mbao nyembamba. Kushoto wanajeshi walitundika ramani iliyojaa pini za rangi, wakapanga masanduku yao ya chakula cha makopo mpaka darini. Kulia watu wa ubalozi walikuwa na zulia, friji na picha ya rais wao. Mimi niliwekewa meza kwenye ushoroba, katikati ya milango miwili, kwa sababu mkalimani alikuwa mmoja na kila upande ulimtaka. Kazi yao ilikuwa moja pia. Kikosi hakikuja kupigana, na walituambia hivyo kila siku kana kwamba tuliwahi kuwashtaki kwa kupigana. Kilikuja kusindikiza malori ya unga, kutengeneza madaraja, kuleta daktari mara moja kwa mwezi, na juu ya yote, kuwasaidia waliokimbia vijiji vyao warudi makwao. Ubalozi uliahidi, jeshi likasafirisha. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, chini ya mihuri miwili.

Walichokosa ni kuongea. Walizungumza Kifaransa kilekile, lakini mwanajeshi alipotaka kitu cha jirani yake alikiandikia barua, na barua hiyo ilipita mezani kwangu, hatua nne kutoka mlango mpaka mlango. Kushoto niliwasikia wakisema "wale wa zulia". Kulia niliwasikia wakisema "wale wa buti". Nilijiona mtu muhimu sana. Niliajiriwa kutafsiri kati yao na sisi, na kumbe mchana kutwa nilitafsiri kati yao na wao: nikipunguza hasira katika maneno ya huyu, nikiongeza adabu katika maneno ya yule. Ndivyo nilivyozoea. Nasema hivi si kujitetea, bali ni kwamba mtu haamki siku moja akajikuta anasema uongo mkubwa. Mimi nilifanya mazoezi mwaka mzima.

Mkuu wa upande wa kushoto tulimwita Kapiteni. Alikuwa mtoto wa wakulima, na siku ya kwanza alipofika kambi ya waliohama, iliyokuwa ng'ambo ya barabara, karibu na uwanja wa ndege, aliinama akafikicha udongo kwa vidole akaniambia, "Hapa pangeota maharagwe mazuri." Mkuu wa upande wa kulia cheo chake kilikuwa mshauri wa ubalozi, nasi tulimwita Bwana Mshauri. Alikuwa mpole, hakuwahi kuinua sauti, na alijua kuuliza habari za mama yako huku akitazama saa. Sikumchukia. Hata leo nikijaribu kumchukia naona kwanza jinsi alivyonifungulia mlango wa gari, na hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kunifungulia mlango wa gari.

Mama Ngave nilimkuta kambini. Alikuwa mjane wa watu wa Dzirabo, kijiji cha mashamba ya maharagwe upande wa Bambu, na ndiye aliyechaguliwa na wanawake wa kijiji hicho kuwasemea. Alikaa katika kibanda cha turubai kisichozidi hatua tatu kwa mbili, pamoja na binti yake Dhena aliyekuwa na miaka kumi na minne, Pasikali wa miaka sita, na mama wa marehemu mumewe, kikongwe ambaye wote tulimwita Koko. Saa za mchana, Bwana Mshauri alipokwenda kula kwake na wanajeshi walipofungua makopo yao, mimi nilivuka barabara kwenda kula kwa Mama Ngave. Nilimpelekea biskuti ngumu za jeshi. Alizitwanga kwenye kinu akampikia Pasikali uji, akisema kama hii njo chakula ya basoda, si ajabu hawapigani. Mimi alinipa bugali na lenga-lenga, mchicha wa kwetu, na mara mojamoja madesu, yaani maharagwe, katika sahani ya bati iliyokuwa moja tu, kwa hiyo wao walikula kutoka kwenye sufuria. Dhena alikaa karibu nami na kipande cha boksi la biskuti na kalamu yangu. Kila siku alitaka maneno matano ya Kifaransa, si manne wala sita. "Mi nitatafsiri kama weye," aliniambia. Nilicheka nikamwambia kazi hii ni rahisi, ni kurudia tu aliyosema mwenzako.

Katikati ya mwaka kukaja habari kwamba ujumbe mkubwa unakuja Bunia: wakubwa wa wizara mbili kutoka nchi yao, ya jeshi na ya mambo ya nje, waje kuona jinsi ofisi hizi mbili zinavyofanya kazi pamoja. Barua zikaanza kupita mezani kwangu kwa kasi. Bwana Mshauri alitaka kijiji kimoja kiwe kimerudi kabla ya wageni kufika, na kijiji kilichochaguliwa ni Dzirabo, kwa sababu barabara yake ilipitika na watu wake walikuwa na msemaji. Mama Ngave alipopata habari hakushangilia. Alisema, "Kurudi tunataka. Lakini siye tutauliza kwanza."

Asubuhi moja ya mvua Bwana Mshauri alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliingia mwenyewe upande wa kushoto, na kikombe chake cha kahawa mkononi. Mlango alioufunga ulikuwa wa mbao ileile nyembamba. Sikuhitaji kusogeza kiti.

"Nina magari manne," nilimsikia Kapiteni akisema. "Naweza kuwasindikiza watu hawa mpaka Dzirabo, nikalala nao usiku mmoja. Siku ya pili saa sita mchana magari yangu lazima yawe uwanja wa ndege."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya wageni wako, Bwana Mshauri. Wewe ndiye uliyeandika barua ya kuyaomba."

Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe.

"Wageni wanakuja kuona watu waliorudi makwao. Kama hawajarudi, hakuna cha kuona."

"Wakisharudi, nani atabaki nao?"

"Watapatikana wengine."

"Wengine nani?"

"Wengine, Kapiteni."

"Mimi naweza kusindikiza. Siwezi kulinda. Usiwaambie nitawalinda."

"Sitatumia neno hilo. Tutasema *présence*. Tutahakikisha *présence*. Hilo unaweza kulitia saini?"

Mvua ilipiga bati kwa nguvu nikadhani jibu limenipita. Kisha nikasikia, "Hilo naweza." Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakikubaliana bila karatasi kati yao.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya misheni. Watu wa Dzirabo walijaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, wengine wakasimama nje madirishani. Bwana Mshauri alivaa suti ya rangi ya mchanga. Kapiteni alisimama kando ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Bwana Mshauri alisema juu ya amani, juu ya ardhi inayowangoja wenyewe, juu ya majembe na mbegu zitakazogawiwa, nami nikatafsiri sentensi baada ya sentensi, na watu wakaitikia kwa vichwa kama kanisani. Ndipo Mama Ngave akasimama akikaza kikwembe chake kiunoni.

"Mi niko na ulizo moja. Siku tunafika kule, hawa basoda batakaa na siye, ao batatushusha tu na kurudi?"

Nilimtafsiria Bwana Mshauri neno kwa neno. Akatabasamu. "Mwambie kwamba tutahakikisha *présence*."

Siku hizi redio zinasema "uwepo". Wakati ule neno hilo sikuwa nalo mdomoni, na hata ningekuwa nalo, Mama Ngave angeniuliza uwepo ni kitu gani, banakaa ao hapana. Kiswahili chetu cha Bunia hakina pa kujificha. Soda anakaa au anaenda. Ningeweza kusema: batakuwako. Ningeweza kusema: batakuwako kidogo. Ningeweza kurudia neno la Kifaransa lilivyo na kuwaacha waulizane. Yote haya nimeyapata baadaye, katika miaka ishirini ya kutafuta. Siku ile nilimwona Bwana Mshauri akinitazama kwa upole wake, nikaona mkataba wangu uliobaki majuma matatu, nikaona madawati yaliyojaa watu waliochoka kulala chini ya turubai. Na niseme yote: mimi pia nilitaka iwe kweli. Nilidhani nikilisema kwa sauti, mbele ya watu wengi hivi, wataona haya kutolitimiza.

"Banasema batakaa," nikasema.

Darasa zima likapumua. Lakini Mama Ngave hakuketi. Hakumtazama Bwana Mshauri wala Kapiteni. Alinitazama mimi.

"Batakaa?"

"Batakaa, mama."

"Weye mwenyewe umesikia vile?"

"Nimesikia."

Akaketi. Kapiteni alikuwa ameinua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno kumi na tano, lakini moja kati ya hayo lilikuwa "kaa", kwa kuwa kila siku aliwaambia watoto wa kambini wakae chini wasikanyagwe na magari. Tuliporudi garini aliniuliza, bila kunigeukia, "Umewaambia nini?" Nikamjibu, "Nimetafsiri." Akatikisa kichwa polepole, akavaa kofia yake. Angeweza kuuliza mara ya pili. Nami ningemjibu, nadhani. Hatutajua.

Tulikwenda Dzirabo siku ya Jumanne. Malori yalipakia magodoro, sufuria, kuku waliofungwa miguu, milango miwili ya mbao ambayo mtu mmoja alikimbia nayo wakati wa vita na sasa anairudisha. Nyumba nyingi hazikuwa na paa, magugu yalikuwa yameota ndani ya vyumba, lakini shambani maharagwe yaliyodondoka yenyewe yalikuwa yamechipua, na wanawake walishuka kabla ya malori kusimama vizuri wakaenda kuyashika. Koko aliketishwa kwenye kizingiti cha nyumba ya mwanawe. Alipapasa mafiga yake matatu, moja baada ya jingine, akacheka kwa sauti ya kisichana. Watu wa ubalozi wakagawa majembe na mbegu, wakapiga picha. Wanajeshi wakasimika mahema yao chini ya mikaratusi. Jioni Mama Ngave aliwasha moto wake wa kwanza, akachuma lenga-lenga iliyoota yenyewe nyuma ya jiko, akatuita tule. Kapiteni alikula kwa mkono, amechuchumaa. Dhena alinishika kidole akanionyesha ukuta ambao angeandika maneno yake, kwa kuwa sasa alikuwa na ukuta. Nikamwambia ukuta huo utatosha kwa mwaka mzima. Sikumbuki chakula kingine kitamu kuliko kile, na kwa sababu hiyo lenga-lenga sijaitia mdomoni tangu mwaka ule.

Asubuhi ya pili mahema yalikunjwa. Wanaume wa kijiji walikuwa wamekwenda kukata miti ya paa, wanawake walikuwa shambani, na kazi ya kukunja haikupiga kelele. Nilikuwa tayari garini, nyuma ya Kapiteni, Mama Ngave alipopanda kutoka shambani, jembe begani, miguu imejaa udongo mweusi. Aliyaona magari manne na mapipa ya maji yaliyofungwa ubavuni. Akaja mpaka dirishani kwangu.

"Munaenda kuchota maji?"

Aliuliza kwa uso mkunjufu kabisa, kama jirani anavyomuuliza jirani. Kapiteni alimwambia dereva, "Twende." Gari lilipoanza kusogea niliinua mkono, kwa kuwa mkono ndio uliokuwa tayari kusema uongo kabla ya mdomo. Naye akainua wake, taratibu, kama mtu anayeitikia salamu kabla hajaielewa.

Saa sita magari manne yalikuwa uwanja wa ndege. Yaliwasindikiza wakubwa wa wizara mbili hadi nyumbani kwa Bwana Mshauri, ambako kulikuwa na samaki wa ziwa wa kuchoma, mvinyo, na meza ndefu chini ya hema jeupe. Picha za Dzirabo zilikwisha kubandikwa kwenye ubao. Mkubwa mmoja alisema kwamba hapa Bunia ameona kwa macho yake jinsi jeshi na diplomasia vinavyoweza kwenda kama miguu miwili ya mtu mmoja. Nikalitafsiri hilo kwa ajili ya viongozi wa mji waliokuwapo, nikalitafsiri vizuri, wakapiga makofi. Kisha nikaketi nikala. Nataka hilo nalo liandikwe: nilikula samaki mzima.

Wale "wengine" hawakufika. Siku zikapita. Nilimuuliza Kapiteni kama wamekwisha kwenda Dzirabo, akasema nimuulize Bwana Mshauri. Nilimuuliza Bwana Mshauri, akasema ulinzi ni jambo la kijeshi. Kila mmoja alinijibu kwa adabu, na kila mmoja alikuwa na barua inayoonyesha kwamba alikwisha kumwandikia mwenzake. Mimi mwenyewe nilizipeleka barua hizo. Hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Ningeweza kupanda pikipiki, nikaenda Dzirabo, nikawaambia watu wahame. Ilikuwa safari ya asubuhi moja. Sikwenda, kwa kuwa mtu anayekwenda kusema "nilidanganya" lazima kwanza akubali kwamba alidanganya, nami bado nilikuwa najiambia kwamba nilitafsiri.

Watu wa Dzirabo walishambuliwa na wapiganaji wa upande wa pili asubuhi, kweupe, saa ya kwenda shambani. Ofisini habari ilikuja kwa redio ya jeshi, na milango yote miwili ikafungwa. Mimi niliijua kambini, watu walipoanza kutokea majanini mmoja mmoja. Sitaandika waliokufa walikuwa wangapi. Kila ofisi ilikuwa na idadi yake, na nimezitafsiri zote. Mama Ngave alifika siku ya tatu, amembeba Pasikali mgongoni, mtoto mkubwa asiye wa kubebwa tena, miguu yake ikining'inia karibu na magoti ya mamaye. Koko alikuwa amebaki kizingitini. Dhena alikuwa ametangulia shambani, mbali na njia ya kukimbilia, wala hakuifikia. Mwanamke mwingine ndiye aliyenieleza hayo. Mama Ngave alipita mbele yangu kama unavyopita mbele ya mti.

Baada ya mwezi walikuja watu wawili kutoka nchi ya wageni wetu kuuliza kilichotokea. Niliitwa upande wa kulia, kwenye zulia. Na pale niliona jambo ambalo sikuliona mwaka mzima: Kapiteni na Bwana Mshauri wameketi upande mmoja wa meza, bega kwa bega, kahawa yao kwenye sinia moja. Mbele yao kulikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba ofisi zote mbili zilieleza wazi mipaka ya kazi yao, na kwamba wakazi walielewa vingine kwa sababu ya kosa la tafsiri.

"Ulitumia neno gani kwa Kiswahili?" mmoja wa wageni aliuliza.

"Batakaa."

"Maana yake?"

"Kwamba watabaki."

Akaandika. Bwana Mshauri akaniambia kwa sauti yake laini kwamba hakuna atakayeniadhibu, kwamba kukosea ni jambo la binadamu, kwamba karatasi itabaki kwenye faili. Nilimtazama Kapiteni. Alikuwa akiitazama mikono yake, ile iliyofikicha udongo. Nilingoja aseme juu ya ukuta wa mbao, juu ya usiku mmoja, juu ya magari manne. Alinisogezea kalamu.

Nilitia saini. Ningeweza kusema nilishurutishwa, lakini hakuna aliyenishika mkono. Walipoondoka mwisho wa mwaka waliniachia barua ya kunisifu, yenye mihuri yote miwili, wa jeshi na wa ubalozi. Ndiyo iliyonipa kazi miaka yote iliyofuata, na katika ofisi zote nilizoionyesha waliniambia ni nadra sana kuona mihuri hiyo miwili kwenye karatasi moja.

Lakini siku niliyotia saini sikurudi nyumbani. Nilivuka barabara kwenda kambini. Mama Ngave alikuwa amepewa kibanda kingine, kidogo kuliko cha kwanza. Aliketi chini mlangoni, ungo mapajani, akichambua maharagwe ya msaada yaliyojaa mawe. Pasikali alikuwa amelala nyuma yake. Nilisimama mbele yake, kwa kuwa hakunionyesha pa kukaa.

"Mama," nikasema, "mi nilijua. Nilisikia nyuma ya ukuta. Kapiteni alisema batalala usiku moja tu. Nilijua mbele ya kukuambia batakaa."

Vidole vyake viliendelea.

"Na leo balinipatia karatasi ya kusema nilikosea kutafsiri. Nimeisaini."

"Ulikosea?"

"Hapana, mama. Sikukosea."

Alitoa jiwe, akalitupa kando. Akatoa jingine.

"Muzungu, mi sikumuuliza," akasema. "Muzungu nilikuwa namujua. Nilikuuliza weye."

Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa laana, kwa kofi, kwa kelele ambazo zingewaita majirani wote waje waone mtu niliyekuwa. Nilikuwa nimeziomba njia nzima. Mwishowe aliinua uso, akakunja macho kama mtu anayetafuta kitu kilicho nyuma yangu.

"Toka pa mwanga," akasema. "Minachambua madesu."

Nikasogea. Jua likarudi juu ya ungo, naye akainama akaendelea kutoa mawe.